Vidole Viwili

Ilianza Magomeni, kwenye taa:
gia namba moja ikakwaruza
hadi bodaboda wakageuka.
Pedali inazama, inazama, haishiki kitu.

Jumapili, uani Kigogo,
kabla bati halijapata moto,
nimefungua boneti ya Starlet.
Waya wa klachi umepauka.
Nati mbili zimeng'ang'aniana
tangu marehemu alipozifunga.
Mafuta ya taa. Spana. Subira.

"Usikaze sana," fundi Chambuso kwenye simu.
"Ukikaza, klachi itaungua.
Ukilegeza, gia zitakusema mtaa mzima.
Acha vidole viwili."
Vidole vya nani, fundi?
Vyako grisi imevinenepesha.

Nazungusha nusu. Naingia, nakanyaga. Bado.
Natoka. Robo tena.
Bi Msiu, beseni la maandazi kichwani,
anauliza nimepoteza nini huko chini.
"Nafasi," namjibu.
Anacheka, ananipa andazi,
nalila na harufu ya mafuta ya taa.

Miaka kumi na moja pedali hii
ilizoea goti la Mwinjuma, goti refu.
Nasogeza kiti mbele. Reli inalia.
Nimeona pia nyuzi tatu za waya zimekatika,
zimejikunja kama nywele kwenye kitana;
za Kariakoo hizo, mshahara ukitoka.

Nafunga nati. Nakanyaga.
Vidole viwili, vyangu, kisha inashika.
Namba moja inaingia kimya.
Rivasi nayo, kwa kunung'unika kidogo.
Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa.