Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Fomu ina kurasa nne, na kalamu yangu inavuja.
Chumba namba sita, Temeke, feni inazunguka kwa kusitasita.
Mzee Kondo Mwinshehe, miaka sabini na minane,
fundi saa wa Mtaa wa Mkunguni,
uvimbe kwenye utumbo mpana.
Nyuma yake binti yake, Siwatu, amekumbatia mfuko wa dawa.

Daktari wa upasuaji ameshatazama picha, ameona pa kukata.
Mimi wa usingizi natazama kitakachobaki.

Umeanguka mwaka huu? "Mara moja."
"Tatu," anasema Siwatu, akitazama dirishani.
Unapanda ngazi ngapi bila kuhema?
"Naishi chini, mwanangu. Ngazi za nini?"
Mkanda wa suruali una matundu mawili mapya,
yametobolewa kwa msumari. Naandika: amepungua.

Inuka bila kushika kiti. Nenda mpaka kwenye mstari, geuka, rudi.
Sekunde kumi na tisa. Fomu inataka kumi na mbili.
Minya hapa kwa nguvu zako zote:
mshale unatikisika, unakata tamaa.
Mkono huohuo, miaka hamsini,
umeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi.

Nakupa maneno matatu, uniwekee: korosho, mlango, mvua.
"Nimeyaweka."
Sasa chora saa. Na hapa fomu
imetafsiriwa na mtu aliyekuwa anasinzia:
*onyesha saa kumi na moja na dakika kumi.*

Akachora duara lisilo na pengo,
tarakimu zikakaa kama zimeitwa kwa majina.
Mshale mrefu kwenye mbili.
Mfupi kwenye tano, tena ukaipita tano kidogo,
maana dakika kumi si bure.
Fomu iliutaka kwenye kumi na moja.

Nilisita. Akaniangalia
kama mteja aliyemwekea mezani saa ya bandia.
"Saa kumi na moja Kariakoo wanaanza kufunga maduka.
Kwenu huwa ni saa ngapi?"
Kwetu pia, mzee. Kwa mama yangu pia.
Nikaipiga mstari fomu, nikampa alama zote.

Na yale maneno?
"Korosho. Mlango."
Feni ikazunguka.
"La tatu lilikuwa na maji. Lakini si kisima."
Sikumpa alama. Neno pia sikumpa.

Tukasogeza kisu wiki tatu mbele:
mayai, dagaa, maharage,
kutembea kila asubuhi mpaka Msimbazi na kurudi,
na vile vidonge vya usingizi vya dukani, basi.
Akavaa kofia yake. "Hata mimi siifungui saa
kabla ya kuisikiliza," akasema.
"Ila saa ikinifia mkononi, narudisha hela."
Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Mimi pia.

Siwatu nilimvuta pembeni, kwenye tangi la maji.
Baada ya kisu anaweza kupotea, siku mbili, tatu.
Atakuita jina lisilo lako. Usilie, usimbishie.
Mletee miwani. Mwambie leo ni siku gani.

Akapotea kweli.
Usiku wa kwanza alimwita Mwantumu, mama yake marehemu,
akamtuma akafunge duka lililovunjwa mwaka juzi.
"Nimefunga," akajibu Siwatu, akamvalisha miwani.
Usiku wa pili akatafuta skrubu ndani ya shuka
mpaka adhana ya alfajiri.
Kitanda cha jirani mtu aliomba ahamishwe.

Siku ya nne nilipita kumwona mshono.
Alikuwa amekaa, uji umeishia nusu,
macho ukutani.
"Saa yenu inachelewa," akasema. "Dakika saba."

Nikatazama simu yangu. Sita.
Hiyo moja nikamwachia.