Stempu ya Koruna Moja

Mwaka ule wizara iliagiza stempu ya walemavu,
na baba, mchongaji, akaniambia nikae dirishani
nisitikisike. Nilikuwa na miaka tisa.
Nikatikisika.

Alichonga kinyumenyume, kama ilivyo kazi hiyo:
kushoto kulia, kulia kushoto,
lenzi jichoni, pumzi ameizuia,
nywele zangu mkwaruzo kwa mkwaruzo
kwenye bamba la chuma lisilozidi kiganja cha mtoto.
Bwana Hrdlička wa kamati alikuja mara mbili.
Alitaka nitabasamu. Alitaka gongo lisionekane sana.
Baba alimkaangia mayai, akampa tabasamu,
gongo akaliacha.

Zikatoka, hamsini kwa karatasi moja,
hazijachanwa bado.
Mimi hamsini, dirisha hamsini.
Nikatazama. Nikatazama tena.
"Baba, chuma umekifunga kwenye mguu mzima."

Akaketi.
Yeye, ambaye kila alfajiri kwa miaka sita
alipiga goti mbele yangu kukaza kanda nne za ngozi,
mguu wangu wa kushoto ukiwa upande wake wa kulia;
yeye aliyejua kila kovu, kila tundu la mkanda:
mikono ilikumbuka, na kumbukumbu ndiyo iliyompoteza.
Milioni mbili zilikwisha kuchapwa.
Sikuwa na la kumfariji ila hili:
"Acha. Wa kushoto nao upumzike."

Ukapumzika kweli. Ulifika Košice, ulifika Havana,
ulifika kwa shangazi Drahomíra tuliyekuwa hatuandikiani.
Nikagongwa mihuri usoni,
nikalambwa mgongo na watu nisiowajua,
na posta ya mtaani kwetu sijaingia:
ngazi saba, kisha mlango mzito wa kusukuma.
Mama ndiye aliyekwenda kuninunua.

Hakuna aliyegundua. Hata wakusanyaji,
wanaohesabu meno ya stempu
kama wanunuzi wa farasi.

Siku hizi baba ndiye asiyetembea.
Kiharusi kimemwachia upande mmoja,
na mtaalamu wa viungo, Bi Zdislava, kamwachia mpira wa raba
auminye mara mia kwa siku.
Akifika arobaini huanza kudanganya.
Asubuhi naketi sakafuni mbele yake, chuma changu nimekinyoosha,
mkononi nimeshika kiatu chake chenye bapa la plastiki.
"Upi, baba?"
Anaitazama miguu yake, ananitazama mimi,
anafikiri.