Kamba na Mguu

Alikuja Jumamosi, jua la saa saba likiikaanga Ngamiani,
mhasibu wa kiwanda cha saruji, jina lake Shufen,
akachuchumaa mbele ya turubai langu la mitumba,
akatia mguu kwenye raba ya kwanza, ya pili, ya tano.
Nikamwambia: dada, taja namba tu, tusikeshe.
Akacheka. "Kwetu kuna maneno manne.
Ukiyatamka, kila mtu analiona soko zima."

Mtu wa Zheng anunua viatu.

Zama za falme zilizokuwa zikiumana, miaka elfu mbili na ushee,
bwana huyo alijipima unyayo kwa kamba,
akaiacha kitini, akaenda gulioni.
Kiatu anacho mkononi, muuzaji anangoja.
Anajipapasa kiunoni, kwapani, lo!
"Nimesahau kipimo."
Akatimua mbio kwenda kukichukua,
kwa miguu ileile.
Aliporudi, gulio limeshafagiwa.
"Si ungejaribu tu?" wakamuuliza.
"Kamba naiamini," akajibu. "Mguu sina hakika nao."

Tulicheka, mimi na Mwanamkuu, mpaka vitumbua vyake vikaungua.
Huyo tunamjua!
Ndiye karani aliyenikatalia kuwa nimezaliwa
kwa kuwa cheti changu kililiwa na mchwa.
Nimesimama dirishani pake, napumua,
naye anaitafuta pumzi yangu kwenye faili.

Usiku, nahesabu chenji, kicheko kikanikwama.
Ndani ya kibweta mna kamba ya mkonge
yenye mafundo mawili: kisigino, kidole gumba.
Mama aliituma kwa mtu wa kabichi, kutoka Lushoto,
mwaka niliomwachia Hoza ana miaka minne,
nimnunulie viatu vya Idi.
Nilinunua. Vikachelewa njiani.
Vilipofika, mguu umeshalivuka fundo.
"Vinambana," mama akasema kwenye simu,
"lakini hataki kuvivua. Analala navyo."

Mguu haukuwepo, Shufen.
Nilikuwa na kamba tu.

Nitamwambia akirudi. Au nitanyamaza,
maana yule wa Zheng miguu alikuwa nayo,
na mimi je, basi la Lushoto lilikuwa shilingi ngapi?

Hoza sasa ana ndevu. Amesema atashuka Idi hii.
Sitamuuliza namba.
Nitalikung'uta turubai, nisogeze kigoda,
nimwambie: kaa hapa, baba.
Lete mguu.