Sentimita Tatu za Helve

Kisogoni, pale mfupa unapojikunja kuingia shingoni,
ndipo tunapokata.
Si kingi: kishungi chembamba kama njiti ya kibiriti,
kifungwe uzi, kilazwe juu ya karatasi ya aluminiamu,
upande wa ngozi utiwe alama nyekundu,
maana maabara isipojua shina ni lipi na ncha ni ipi
itausoma mwaka kinyumenyume.

Nimemweleza Bi Helve haya yote jikoni kwake, Viljandi,
ghorofa ya nne, lifti mbovu tangu Oktoba.
Miaka themanini na mmoja. Msuko mmoja, mweupe, umefika kiunoni.
"Sentimita moja ni mwezi mmoja," namwambia.
"Nywele hazijui kusema uongo."
Anacheka. "Basi hizi si za ukoo wetu."

Fomu kwanza.
Usingizi? Mzuri.
Hasira? Za nini.
Je, mambo yamewahi kukuzidi nguvu?
Anatupa jicho chumba cha pili,
ambako Endel anaiuliza redio iliyozimwa
treni ya Tallinn inaondoka saa ngapi.
"Kamwe," anasema. "Andika kamwe."
Nikaandika. Wino haubishani na mtu.

Kisha mkasi.
Sentimita ya kwanza, Machi. Ya pili, Februari.
Ya tatu ni Januari, na usiku ule Endel alipotoka na soksi tu
kuiwahi zamu aliyostaafu miaka ishirini iliyopita,
naye Helve akazifuata nyayo thelujini kwa tochi ya simu
hadi relini.
(Hakunisimulia yeye. Ni jirani, ngazini,
nilipokuwa nahema ghorofa ya pili.)

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Mimi nimeajiriwa kuwahesabu hao kunguni
kwa pikogramu.

"Na huku?" Ameushika msuko chini kabisa.
"Hapa alikuwa bado ananiita kwa jina.
Hapa... hapa tulimzika Raivo."
Nikamwambia ninavyojua: kupita sentimita ya sita
hatusomi. Maji na sabuni huiondoa kortisoli kidogokidogo,
hakibaki cha kupimika.
Akanyamaza. Akaupima msuko kwa shubiri,
moja, mbili, tatu, na nusu,
kutoka kwa Raivo hadi kisogoni.
"Maji tu?"
"Maji tu. Na muda."
"Ajabu," akasema. "Nimeziosha kila Jumamosi."

Ndipo Endel akaingia, akauona mkasi,
akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa
kisicho na unywele hata mmoja.
"Punguza pembeni tu."
Helve akaninyang'anya mkasi,
akakata hewa kuzunguka masikio yake, kacha, kacha,
bila haraka, akilifuata sikio kwa kidole,
akampuliza shingoni,
akamkung'uta mabega.
Endel akauliza bei.
"Umeshalipa," akasema Helve. "Umeshalipa zamani."