Saa Tisa ni Sifuri

Usiku ule umeme ulikatika Bwiru nzima.
Mtaa uliguna mara moja, kama mtu aliyekanyagwa,
na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Maana majirani zangu nawajua kwa kelele zao:
friji la Mama Bituro hukoroma kuanzia mia saba hadi mia nane,
chaja ya Mazigo hulia kama nyuki ndani ya chupa,
na taa mpya za kanisani, zile nyeupe za bei rahisi,
zimeifunika Bara Hindi yote tangu Pasaka.
Sasa wote kimya.
Redio ya betri nne ikaanza kupumua.

Mchana mimi ni karani wa mizani pale Mwaloni.
Magunia ya dagaa yanapanda, naandika; yanashuka, naandika.
Usiku napima visivyo na uzito.
Fremu nimeiunga kwa mbao za kreti la soda,
waya wa shaba nimeufumua kwenye mota ya feni iliyoungua,
mizunguko kumi na minne,
na waya mwingine mrefu umelala juu ya majabali
hadi kwenye mpapai, ukiwa mzima,
maana pimbi wameshautafuna mara tatu.
Sijui wanaonja nini. Labda Kiajemi.

Saa tisa usiku. Kwenye daftari nikaandika sifuri, sifuri,
kwa saa za dunia.
Siku ya dunia, kumbe, huanza saa ya wanga.
Nikageuza fremu nyuzi chache,
stesheni ya karibu ikazama kama jiwe,
na chini yake, palepale ilipokuwa imekaa,
kulikuwa na mtu mwingine akiongea muda wote.

Wa mashariki huondoka kwanza. Kwao kunakucha.
Mwanga siuoni, nausikia:
sauti inakonda, inakonda,
na katikati ya sentensi jua linamlamba mtu.

Kabula aliamshwa na joto, feni ikiwa imelala.
"Wanasema nini?"
"Sijui."
"Lugha gani?"
"Ndiyo naitafuta."
"Sasa unasikiliza nini, Baba Lukelesha?"
Sikuwa na jibu ambalo lingesimama kwa miguu yake saa ile.
Nikampa upande mmoja wa hedifoni.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Sauti ikaja, ikaenda,
kama mtu anayesoma barua huku akifungua na kufunga mlango.
Majina ya miji, au ya marehemu, au bei za mchele.
Kisha mtangazaji akakohoa.
Mara mbili. Akaomba radhi;
hilo tulilielewa sote wawili.
"Kifua kinamsumbua huyu," Kabula akasema.
"Hana mtu wa kumchemshia tangawizi?"

Umeme ukarudi. Friji likakoroma, kanisa likawaka,
bara zima likafungwa kama duka.

Asubuhi niliandika ripoti kwa kalamu ya ofisini:
masafa, tarehe, nguvu ya sauti mbili kwa tano,
na ushahidi, maana bila ushahidi hawathibitishi:
*saa sifuri na dakika kumi na mbili, mlikohoa.*
Nchi zilizowezekana zilikuwa mbili.
Nikatuma bahasha mbili.
Stempu peke yake ni bei ya kisado cha dagaa,
na hiyo sikumwambia.

Huu mwezi wa tano.
Sanduku la posta lina bili ya maji na buibui.
Narudi, naegemeza baiskeli kwenye jabali,
na Kabula, hata kabla hajainua uso
kwenye mchele anaouchambua:
"Amepona?"