Benchi la Nyuma

Tuliandikiana kwa namba za nyimbo.
Arobaini na mbili: nisubiri kisimani.
Mia na saba: baba yupo, pita tu.

Kwaya nzima ya Sikonge haikujua,
ila Mama Nyanzala, mwenye jicho la nyuki mlinzi,
akaiona penseli pembeni mwa kitabu.

Wazee wakakaa. Mimi miezi sita
benchi la nyuma, bila joho, bila meza ya Bwana.
Mihayo akapelekwa Urambo kwa mjomba,
akaushe tumbaku, akaukie nayo.

Leo mchungaji, hana hili wala lile:
“Tusimame. Arobaini na mbili.”

Watu mia mbili wakaniimbia nisubiri,
Mama Nyanzala akiwazidi wote sauti.

Kisima kimekauka tangu Agosti.
Nilibeba ndoo hivyo hivyo.