Pazia la Keko

Mimi ni Chande, mchora vibao.
Zamani hakuna kinyozi Keko Magurumbasi
aliyenyoa mtu bila vichwa vyangu ukutani:
shingo ndefu, panki, denge, kipara.
Ikaja mashine ya kuchapa mabango,
mita moja kwa bei ya chai na vitumbua.
Nikafunga rangi, nikauza mkaa.
Miaka sita
vidole vyeusi, ila si kwa rangi.

Zamoyoni hakuja kutuokoa.
Atakayeandika hivyo aandike; mimi nilikuwepo.
Alikuja kununua mkaa wa elfu mbili.
Studio yake ilikuwa ya pasipoti saizi, chapuchapu,
maharusi Jumamosi,
na wiki ile, sabuni ya mche ya tajiri wa Chang'ombe
iliyotakiwa ikae kwenye kalenda.
Pazia lake la plastiki lilimeta mno,
mwanga ukairudia sabuni kama kofi.
"Nasikia ulikuwa unachora," akasema
akihesabu chenji.
"Nichoree maporomoko.
Yasing'ae."

Nilichora kwenye marekani, usiku, kwa chemli.
Mkono ulikataa mara mbili.
Mara ya tatu maji yakashuka.

Sabuni ikasahaulika.
Watu wa kalenda walipiga simu
kuuliza maporomoko yale yako mkoa gani.
"Yako Keko," akawajibu, "nyuma ya banda la mkaa."

Basi akataka mlima. Akataka sebule yenye simu ya mezani.
Akamfuata Likonde, aliyebaki kuchonga miguu ya makochi,
amtengenezee kiti cha bibi harusi
chenye sura za watu, si maua.
Akamtolesha Bi Semeni mikeka uvunguni.
Alilipa kila Ijumaa. Mara moja alichelewa,
akaja mwenyewe na nusu ya hela
na kilo ya sukari.
Na kila picha, pembeni, herufi ndogo kama siafu:
pazia, Chande; kiti, Likonde; mkeka, Semeni.
Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mambo yalipogeuka.
Hela tulishawahi kuziona.
Siafu wale, hapana.

Sasa uani kwake vijana saba wanakoroga rangi,
wawili hawasemezani kwa sababu ya wekundu,
mmoja hajui kitu ila kelele.
Mwenye nyumba naye ameona: kodi imepanda.
Kinyozi wa kona amerudi kuulizia vichwa vyake.
Nimemwambia apange foleni.

Juzi nilitaka picha ya kitambulisho.
Nikakaa mbele ya pazia jeupe, tupu, kama wanavyoagiza.
"Usicheke," akasema Zamoyoni. "Serikali haitaki meno."
Akanitoza bei ya kila mtu.
Kwa nyuma nikaandika, kwa kalamu, herufi za siafu:
picha, Zamoyoni.

Dirishani afisa akaigeuza.
"Hii nini tena?"
"Jina la fundi."
Akanitazama, akagonga muhuri.